Daftari zangu zote hufa siku ya nne, nyinyi wenzangu mwafanyaje?

bintilangoni (Lamu)

Salaam aleikum jamani. Mimi niko Lamu, Langoni, umri 29. Napika oda nyumbani, mahamri, sambusa, viazi vya karai, keki ikitokea. Asubuhi nashika simu ya gesti ya jamaa yetu, yaani wageni wakitaka kubuku mimi ndio najibu, na usiku ati nasoma kozi ya uhasibu kwa mtandao, nilitakiwa nimalize mwezi wa tatu na mpaka leo niko moduli ya pili. Kichwa changu ni kama gati siku ya Maulidi, kila mtu anaita na hakuna anayesikika.

Sasa kilichonileta hapa. Wiki iliyopita nilipigiwa simu nikiwa nakanda unga, mikono yote imejaa, mama mmoja ataka sambusa 150 za hitma Alhamisi. Nikamwambia mdogo wangu andika hapo, akaandika juu ya boksi la mafuta. Jioni boksi likatolewa nje. Mnaoishi huku mwajua punda na maboksi, sina haja ya kueleza. Alhamisi saa nane mchana naulizwa "tumtume mtoto aje achukue?" na mimi hata nyama sijanunua. Nililia wallahi. Nikaita mawifi wawili, tukafunga mpaka vidole vikafa ganzi, zikafika 90 na yule mama hakusema neno baya, alisema tu "haya mwanangu", na hilo "haya" ndilo lililoniuma.

Watu waniambia andika, uwe na dayari (mwalimu wetu wa zamani angesema shajara). Nimenunua daftari tano mwaka huu!! Moja lina kava la ngozi, niliachiwa na mgeni, zuri mpaka naogopa kuliandika. Siku ya kwanza najaza kurasa tatu, malengo ya miaka mitano, kuamka saa kumi, kunywa maji lita mbili, kila rangi ya kalamu. Siku ya pili ukurasa. Siku ya tatu mistari miwili. Siku ya nne kimya, na nikiliona juu ya meza nalifunika na kitambaa.

Kwa hivyo nauliza wale ambao wanaandika KWELI na wameendelea zaidi ya miezi miwili, mwaandika nini na saa ngapi? Na msiniambie nitumie simu tafadhali. Nikifungua simu niandike "nunua iliki" najikuta baada ya nusu saa natazama mtu nisiyemjua akisugua zulia.

ciao_malindi

Pole dada, hiyo ya punda imenichekesha halafu ikanisikitisha.

Mimi niko Malindi, natembeza wageni Gede na Watamu, na msimu ukiwa chini nasoma Kijerumani manake Kitaliano tuko wengi sana sasa. Shida yangu ilikuwa kama yako ya usiku, nakaa na kitabu saa mbili nzima lakini ukinihesabia nilichosoma ni dakika ishirini. Kilichonisaidia ni ile njia ya pomodoro. Sisi huku hatuhitaji mkalimani wa hilo neno, ni nyanya tu, kila mama mboga wa soko letu alishawahi kumuuzia Mtaliano pomodori. Aliyeianzisha ni Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 80 akiwa mwanafunzi hawezi kutulia kusoma, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Watega dakika 25 wafanya kitu KIMOJA, halafu wapumzika 5. Zikifika nne wapumzika zaidi, kama nusu saa.

Lakini watu wengi wanaacha ile sehemu ya daftari na mimi naona ndio yenyewe. Ndani ya zile 25 kichwa kitakuletea mambo, sijalipa stima, yule mgeni wa Ijumaa alisema anakula samaki au hali, shati langu liko kwa fundi. Zamani nilikuwa nainuka kulishughulikia. Sasa nina karatasi pembeni, naandika neno moja, "stima", narudi kwa kitabu. Hilo jambo likishaona limeandikwa linanyamaza, ni kama mtoto ambaye alikuwa akivuta nguo tu ili umuangalie. Simu naitupa juu ya kabati, na kabati langu ni refu lazima nipande kiti.

kaka_wa_shela

Mimi nasema ukweli japo hutaki kuusikia, simu yatosha. Kalenda ya simu inapiga kengele, daftari halipigi kengele. Lile boksi lingekuwa simu punda angelitafuna?

bintilangoni

@kaka_wa_shela simu yangu ilishawahi kuanguka baharini pale gati kwa hivyo ni samaki badala ya punda 😂 lakini nimekuskia, kengele ya oda naweza kuweka. Sio kengele tu inayonisumbua lakini, ni kule kuwa na mambo arobaini kichwani na kutojua la kwanza ni lipi.

mzee_wa_mai

Mwanangu, aleiki salaam. Mimi ni mtu mzima, miaka sabini na zaidi, mato hayaoni vizuri, mjukuu ndiye anichapia. Nilikuwa nahodha, jahazi letu likipakia boriti kutoka huku kupeleka Mombasa, tukihesabu kwa korja, na korja ni miti ishirini. Kaskazi ikivuma twashuka, kusi ikingia twapanda. Daftari nimeandika tangu kijana, na sikuandika lengo hata siku moja. Lengo gani? Pepo haisomi daftari.

Nikwambie nilichokuwa naandika. Kila usiku baada ya isha, mambo matatu. Mai (maji ya bahari) ya kesho yatajaa saa ngapi. Nani namdai. Nani anidai. Basi, nalala. Mai yenyewe hayana saa moja, leo yakijaa saa nne kesho ni kama saa tano kasoro dakika kumi, kila siku yachelewa dakika hamsini hivi. Kwa hivyo ukipanga "kila siku saa nne ntafanya hivi" na kazi yako ni ya bahari, umekosa kabla hujaanza. Yana nilikuwa nalisoma hilo swali lako na nikaona nyinyi vijana mwapanga kwa saa ya ukutani. Panga kwa kitu kitakachokuya upende usipende. Wewe uko Langoni, adhana yakufikia mara tano. Ukishaswali isha, kabla hujainuka kwenye mswala, andika. Usiamke saa kumi kwa ajili ya daftari, utalichukia.

La pili. Zamani wazee wetu hawakwenda na tarehe za mwezi wa Kizungu, walihesabu miongo tangu Nairuzi, mwaka mpya wetu wa jua, siku kumi kumi, mabaharia na wakulima pia. Siku kumi ni kipimo cha mwanadamu, waweza kuziona zote kwa mara moja. Miaka mitano sijui uliitoa wapi.

muuguzi_wa_usiku (Malindi)

Shikamoo mzee, hiyo ya siku kumi naichukua na mimi.

Dada, mimi ni muuguzi, shifti zangu zabadilika kila wiki, na nimeandika mwaka wa tatu huu bila kuacha (nimeacha wiki mbili nilipojifungua). Natumia ile njia ya nukta, jamaa mmoja wa Marekani anaitwa Ryder Carroll aliitoa kwa mtandao 2013. Yeye tangu mtoto alikuwa na shida ya kutotulia, akili yamruka, ndo akatengeneza njia yake mwenyewe. Ukiitafuta sasa hivi Youtube utaona watu wamechora maua na kubandika stika mpaka wakatoka kwa reli kabisa, USIANGALIE. Yenyewe ni kavu. Kitu cha kufanya weka nukta. Kikifanyika ile nukta yageuzwa iwe x. Jambo la siku fulani, kama arusi au kliniki, kiduara. Maelezo tu, kistari. Na kitu ambacho hakikufanyika na bado unakitaka, waigeuza nukta iwe mshale halafu WAKIANDIKA UPYA ukurasa wa mbele kwa mkono.

Hapo kwa kuandika upya ndio dawa ilipo na ndio pale simu inaposhindwa samahani kaka wa Shela. Simu yakubebea mambo mia bila kuchoka. Mkono wachoka. Mimi nilikuwa na "panga kabati la dawa nyumbani" nimeihamisha mara sita, ya saba nikajiuliza hivi kweli nataka kupanga hili kabati? Nikaikata mstari. Kabati liko vile vile na mimi niko sawa.

Kingine, tupa hilo la ngozi, au mpe mtu zawadi. Nenda dukani nunua kaunta buku ya kwaya moja, ile ngumu nyeusi yenye mgongo mwekundu ambayo kila duka linaandikia mikopo. Langu lina doa la chai, lina namba ya mtu sijui ni nani, kurasa zingine mtoto amechora samaki. Daftari ambalo halikuogopeshi ndilo utakaloliandika.

Na kwa vile wasema kichwa hakitulii usiku, kuna utafiti ulifanywa Marekani, Chuo Kikuu cha Baylor kule Texas, ulitoka 2018, watu 57 walilala maabara. Nusu waliambiwa waandike dakika tano mambo wanayotakiwa kuyafanya siku zijazo, nusu waandike waliyokwisha kuyafanya. Wale wa mambo yajayo walishikwa na usingizi mapema zaidi, kama dakika tisa hivi, na aliyeandika kwa urefu na kwa kupambanua alilala haraka zaidi. Najua watu 57 ni wachache na ni usiku mmoja, na walikuwa vijana wazima, lakini mimi nikitoka shifti na kichwa chote kimejaa wagonjwa nafanya hivyo na kwangu inafanya kazi.

bintilangoni

Asanteni sana. Mzee shikamoo, umenichekesha na "pepo haisomi daftari", nimemsomea mamangu akasema huyo mzee ana akili.

Swali lingine, na hili naliuliza kwa aibu kidogo. Mambo ya moyoni nayo? Manake nikikaa kuandika "lipa unga, jibu mgeni wa chumba 3" wakati mwingine yanatoka mengine. Mwaka jana nilifiwa na babangu na sijakaa chini hata siku moja. Nyumba yetu watu tisa. Hakuna mlango unaofungwa. Nikiandika leo, kesho mdogo wangu analisoma kwa sauti wakati wa chakula.

ciao_malindi

Mola amrehemu mzee. Wewe usiandike hayo kwa daftari la oda, uyatenganishe. Sijui mengi hapa nawaachia wengine.

muuguzi_wa_usiku (Malindi)

Innalillahi, pole sana mamangu.

Tenganisha ndio. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, yeye na mwenzake walitoa utafiti 1986, wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo tu, kuhusu jambo zito kabisa la maisha yao na vile walivyolihisi. Sikiliza vizuri hapa, walipomaliza kuandika walijihisi VIBAYA zaidi, huzuni ilipanda. Lakini miezi iliyofuata walienda kwa daktari wa chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Kwa hivyo usishtuke ukilia ukurasa wa kwanza. Sio kitu cha kila siku kama hesabu ya unga, ni siku chache halafu waacha. Na karatasi si lazima iwekwe, wengine huandika wakachoma. Jiko la makaa unalo. Ukiona hulali, huli, wiki zapita, hapo usibaki na daftari peke yake, zungumza na mtu au uende kituo cha afya.

mzee_wa_mai

Mwanangu, babako Mola amlaze pema. Ulikwenda chuoni utotoni, kusoma Kurani? Wazijua herufi za Kiarabu? Daftari zangu zote ni Kiswahili kwa herufi hizo, kama walivyoandika wazee wa hapa Amu, yaani Lamu, mashairi na barua zao. Wajukuu zangu wote wana simu kubwa kubwa na hakuna hata mmoja awezaye kusoma nilichomwandika.

bintilangoni

Mzee!! Nilihitimu chuo nikiwa na miaka 11, kusoma najua. Lakini "p" nitaiandikaje, na "ch" na "v"? Kiarabu hazimo.

mzee_wa_mai

P ni ba uliyoitia nukta tatu tini. Ch ni jimu yenye nukta tatu. V ni fa uitie nukta tatu yuu. Zamani wengine hawakujisumbua, ba ilikuwa b na p pia, msomaji atajua mwenyewe. Wewe ndiye msomaji, usihangaike.

kaka_wa_shela

Haya mimi nimeshindwa na herufi tena. Ila nauliza kwa uzuri tu, nyote mwaongea kama watu wenye kazi ya kukaa. Mimi ni wa boti, siku nzima niko kwenye mai ya chumvi, hilo kaunta buku litafika jioni likiwa uji.

ciao_malindi

Kaka chukua kile kidaftari kidogo cha mfukoni, ukitie kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, na kalamu ya risasi sio biro, biro haishiki kwenye karatasi iliyoloa. Mimi hufanya hivyo nikipeleka watu kuogelea mariini, ile hifadhi ya bahari. Jioni nahamisha yaliyobaki kwa daftari la nyumbani.

bintilangoni (wiki tatu baadaye)

Nimerudi jamani, mniwie radhi kwa kimya. Leo ni siku ya 22 na sijaacha ila siku mbili nilipokuwa na homa.

Nilinunua kaunta buku. Limefungwa na kamba kwenye msumari wa jikoni, kama lile la duka, na kalamu nayo ina kamba yake kwa sababu hii nyumba kalamu hazikai. Hakuna mtu anayeandika oda mahali pengine popote, nimetangaza, hata mamangu. Kurasa zina samli, moja yanuka kitunguu. Baada ya isha nalichukua kutoka msumarini, nageuza zilizofanyika ziwe x, nahamisha zilizobaki, naandika ya kesho yasizidi matano. Dakika nane, nimepima. Mwanzoni niliandika kumi na nne na nilikuwa nahamisha kumi kila usiku, mkono ukanifundisha adabu.

Na nimefuata miongo. Ukurasa mmoja kwa siku kumi, juu nimeandika neno moja tu. Wa kwanza "deni", manake nilikuwa nadaiwa duka la unga na nikalimaliza. Wa pili "moduli". Nyanya zangu ni mbili kila usiku, ya tatu nasinzia, simu iko chumbani kwa mamangu na yeye ndiye askari. Niko moduli ya nne. Si mbali, lakini nilikaa kwa moduli ya pili tangu Desemba.

Yasiyofanya kazi pia niseme. Asubuhi siwezi, nimejaribu, nikishika kalamu kabla ya mahamri kutoka watoto wa shule watakosa chai. Na simu za wageni bado zinanivuruga, mtu aandika saa sita usiku kutoka Ujerumani auliza kama Lamu kuna gari, nami najibu pale pale. Hilo bado. @kaka_wa_shela kengele ya oda nimeiweka, ulikuwa na haki nusu.

Lile la ngozi sikulitoa. Niliandika usiku nne, kwa herufi za mzee, nimekaa darini. Usiku wa kwanza ilikuwa kama alivyosema muuguzi. Mdogo wangu alilikuta, akaligeuza juu chini, akauliza "hizi ni dua?" nikamwambia ndio.

ciao_malindi

Mashallah dada. Sasa na mimi nikupe kazi. Jumamosi naja Lamu na wageni sita kwa basi mpaka Mokowe. Jumapili asubuhi nataka mahamri 60 na mbaazi sufuria moja, twawapeleka Manda kwenye magofu ya Takwa.

bintilangoni

Ngoja nishike daftari.

Haya. Jumapili, mahamri 60, mbaazi, niwaletee gati saa moja asubuhi. Iliki niweke?

ciao_malindi

Weka nyingi.

mzee_wa_mai

Jumapili saa moja mai yatakuwa yamekupwa, na kuingia Takwa kwataka mai yajae. Waambie saa nne.

bintilangoni

Nimekata, nimeandika upya saa nne.